Maudhi Madogo Madogo

Lugha ni mizani ya watu, lakini mizani huweza kupotoka pasipo mpimaji kujua. Katika hospitali na zahanati za Tanzania, mtu apewapo dawa aghalabu huambiwa kwamba dawa hiyo huenda ikamletea maudhi madogo madogo. Maneno haya yametungwa kwa huruma. Udogo umetajwa mara mbili kama mama ampapasavyo mtoto kabla ya sindano, ili hofu isimzuie mgonjwa kupona. Yanafaa kwa kichefuchefu cha siku mbili au kizunguzungu cha asubuhi moja. Lakini yanapotajwa juu ya dawa za maradhi ya akili, ambazo mtu huenda akazimeza kwa miaka kumi, ishirini, au kwa umri wake wote uliosalia, huzuka swali ambalo si la matabibu peke yao. Ni nani aliyeyapima maudhi hayo akayaona madogo? Na ikiwa aliyeyapima siye ayachukuaye, je, kipimo chake ni cha haki?

Swali hili lastahili kujibiwa pasipo kuzidharau dawa zenyewe. Asiyekiri wema wa kitu hana haki ya kusema ila yake. Kwa hiyo inafaa kuanza na wema.

Kabla ya mwaka 1952 dawa nyingi zilizotumiwa kuutuliza wazimu zilimzamisha mgonjwa katika usingizi. Wagonjwa walifungwa minyororo, walitiwa katika maji kwa saa nyingi, walizimishwa kwa insulini, na wengine walikatwa nyuzi za ubongo. Aliyebuni upasuaji huo wa mwisho, Egas Moniz wa Ureno, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyokuwa umekata tamaa. Mwezi wa Desemba 1950 mkemia Paul Charpentier, wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa, alitengeneza kitu kilichokuja kuitwa kloropromazini. Tabibu mmoja wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa akitafuta njia ya kuukinga mwili na mshtuko wa kisu. Aliona kwamba wagonjwa waliopewa dawa hiyo walikaa macho, wakajibu walipoulizwa, lakini mambo yaliyowazunguka hayakuwasumbua tena. Akawashauri madaktari wa akili waijaribu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao, na wodi zilizovuma kwa makelele zikaingia ukimya.

Haukuwa ukimya wa kaburi. Watu waliokuwa wakisikia sauti zisizo na wenyewe walianza kuzisikia kwa mbali, kisha wengine hawakuzisikia kabisa. Waliokataa chakula kwa kudhani kimetiwa sumu walikula. Kloropromazini ilienea duniani kwa miaka michache, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, ilikuwamo. Wapo watu wengi, katika Afrika Mashariki kama kwingineko, ambao leo wanalima, wanafundisha, wanaoa na kulea kwa sababu ya dawa hii na zile zilizoifuata. Mtu aliyewahi kumwona ndugu yake amefungwa kamba mtini, kisha akamwona ameketi barazani akinywa kahawa na wenziwe, hawezi kuambiwa kwamba dawa ni adui.

Basi dawa hufanyaje kazi? Maelezo yalikuja baada ya dawa yenyewe, kwani hapa mkono wa mwanadamu ulitangulia na akili yake ikafuata. Chembe za ubongo hazigusani. Baina ya moja na ya pili pana upenyo mdogo mno, na habari huvushwa upenyo huo na vijumbe vya kikemia. Mmoja wa wajumbe hao huitwa dopamini. Ufikapo ng'ambo, mjumbe hushika mahali palipoumbwa kwa ajili yake, kama ufunguo ushikavyo kitasa, na mlango wa habari hufunguka. Mwaka 1963 Arvid Carlsson wa Sweden, pamoja na mwenzake Margit Lindqvist, walitoa rai kwamba dawa za kutuliza wazimu huzuia kazi ya wajumbe hao. Utafiti wa miaka ya 1970 uliithibitisha rai hiyo kwa upande wa dopamini: dawa ni ufunguo uingiao katika kitasa lakini hauzunguki. Hukaa humo, na mjumbe wa kweli hukuta mlango umezibwa. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa uchunguzi wake wa dopamini.

Sasa hapa ndipo fikira inapopaswa kusimama. Dopamini haina kazi moja. Katika sehemu moja ya ubongo huyapa mambo uzito, hata mtu akaona kwamba jambo fulani lamhusu. Ikizidi huko, macho ya kila mpita njia huwa ni ujumbe wa siri. Katika sehemu nyingine huongoza mwendo wa viungo. Katika sehemu ya tatu huzuia homoni iletayo maziwa. Dawa imezwapo haiulizi njia ya kwenda sehemu moja tu. Huziba vitasa popote ivikutapo. Ndiyo maana mtu yule yule ambaye sauti zimemwacha huweza kuona mikono yake ikitetemeka, uso wake ukikauka kama kinyago, miguu yake ikikataa kutulia hata aketipo. Huweza kupindwa shingo ghafula, au macho yake kugeuka juu. Mwanamke huweza kukosa hedhi na kutokwa na maziwa hali hakuzaa. Baada ya miaka mingi baadhi ya wagonjwa hupatwa na mchezo wa midomo na ulimi wasioweza kuuzuia, na mchezo huo mara nyingine hubaki hata dawa ikiisha kuachwa.

Kwa hiyo ni kosa la fikira kusema kwamba dawa ina kazi yake, kisha pembeni ina maudhi. Mambo mengi yaitwayo maudhi ni kazi ile ile iliyofanyika mahali pasipotakiwa. Mvua inywesheayo shamba ndiyo ibomoayo ukuta wa udongo. Haikuwa mvua nyingine. Wema na ubaya wa dawa hutoka katika mlango mmoja, na mtu hawezi kuukaribisha mmoja akadai kwamba wa pili hakumwona.

Dawa za sonona zina hadithi inayofanana na hiyo. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View mjini New York, wagonjwa waliopewa dawa iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wenye mapafu mabovu. Katika Uswisi, kwenye hospitali ya Münsterlingen, Roland Kuhn aliwapa wagonjwa imipramini kwa kutumaini kwamba itatuliza wazimu. Haikuutuliza, lakini mwaka 1956 ilionekana kwamba wale wenye huzuni nzito walianza kuinuka kitandani, na mwaka 1957 Kuhn akaitangaza habari hiyo. Dawa hizi huwafanya wajumbe wengine, serotonini na noradrenalini, wakawie katika upenyo badala ya kurudishwa upesi au kuvunjwa. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu fluoksetini, iliyo kubwa zaidi kwa serotonini, na jamii yake ikawa ndiyo itumiwayo sana duniani.

Lakini hata katika maelezo haya ukweli umekuwa ukipunguzwa uzito. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, na kwamba kidonge hujaza kilichopungua, kama chumvi katika mchuzi. Ni maelezo mepesi na yenye faraja, ila hayakuthibitishwa. Wajumbe huongezeka kwa saa chache, hali nafuu huchukua majuma kadhaa. Kama jambo lingekuwa ni upungufu tu, nafuu isingechelewa hivyo. Mapitio makubwa ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa upungufu huo. Hata hivyo haimaanishi kwamba dawa hazifai. Mapitio mengine, ya mwaka 2018, yalikusanya majaribio 522 ya dawa 21, yakiwa na washiriki zaidi ya 116,000, na kila dawa ilionekana kuzidi kidonge kitupu, ijapokuwa kwa kiasi cha wastani. Yawezekana kitu kufaa pasipo kujulikana vyema kinafaaje. Aibu si katika kutojua. Aibu ni kumuuzia mgonjwa dhana kwa bei ya hakika.

Na dawa hizi nazo zina bei. Kichefuchefu na kukosa usingizi huja mwanzoni na mara nyingi hupita. Kupungua kwa hamu na uwezo wa ndoa hakupiti upesi, na ni jambo lisemwalo kwa shida. Mume huona haya kulitaja, mke hudhani amepata mwenzake, na nyumba huvunjika kwa sababu ya sentensi moja ambayo mtoa dawa hakuitamka. Wapo wapatwao na ganzi ya moyo: huzuni imeondoka, lakini imeondoka na furaha, mtu husimama kaburini kwa mzazi wake na chozi halimtoki. Kwa vijana ipo hatari ya fikira za kujiua kuongezeka katika siku za mwanzo, hata mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru mwaka 2004 onyo hilo liandikwe kwa ajili ya watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24. Aachaye dawa kwa ghafula huweza kupatwa na kizunguzungu, wasiwasi, na mishtuko kichwani ifananayo na ya umeme. Kwa sababu hiyo dawa hizi huachwa polepole, chini ya uangalizi wa tabibu, wala haziachwi kwa hasira ya siku moja.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tabibu anajua dawa; mgonjwa anayajua maisha ambamo dawa hiyo inafanya kazi. Maarifa haya ni mawili, na hakuna moja liwezalo kukaa mahali pa lingine. Mfano wake upo Ethiopia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu wenye skizofrenia na jamaa zao waliulizwa sababu za kuacha dawa. Mojawapo ya majibu yao ilikuwa chakula. Dawa huongeza njaa, na katika nyumba isiyo na chakula cha kutosha njaa hiyo haiwezi kushibishwa. Katika kitabu cha dawa, kuongezeka kwa hamu ya kula ni mstari mmoja mfupi. Katika nyumba inayopika mara moja kwa siku, ni mateso ya kila usiku, na ni chakula kitakachotoka katika sahani ya mtoto. Vivyo hivyo kloropromazini huifanya ngozi iungue upesi juani. Kwa karani akaaye ofisini ni jambo dogo. Kwa mkulima ambaye jua ndiyo dari yake, si dogo. Udogo na ukubwa wa madhara haumo katika dawa peke yake, bali umo katika maisha yanayoipokea. Kwa hiyo mtu asiyeyaishi maisha hayo hawezi kuutamka udogo huo peke yake.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mtu aliyeshikwa na wazimu hajui kuwa anaumwa. Ukimsomea orodha ya madhara, atazitupa dawa, naye ataishia barabarani au kisimani. Kumwambia kweli yote mtu asiyeweza kuichukua ni ukatili uliovaa joho la uaminifu. Tena watasema kwamba hofu yenyewe huzaa madhara: atajiwaye kutapika hutapika.

Hoja hii haiwezi kupuuzwa, kwani ipo saa ambayo mtu hawezi kujiamulia. Azamaye haulizwi kama apenda kuvutwa kwa mkono au kwa nywele. Lakini mwokozi hapati kuwa mmiliki wa nywele hizo baada ya kufika pwani. Uamuzi achukuliwao mgonjwa katika saa ya wazimu ni amana, na amana ina sheria zake ambazo kila mwana wa pwani na wa bara anazijua: hutunzwa kwa faida ya mwenyewe, haitumiwi kwa raha ya mtunzaji, na mwenyewe arudipo hurudishiwa pamoja na hesabu yake. Akili ya mgonjwa irudipo, na aghalabu dawa ndiyo iliyoirudisha, amana ya uamuzi yapaswa kurudi kwake. Yapaswa aambiwe alipewa nini, kwa sababu gani, kimemfaa wapi na kimemgharimu nini, na njia gani nyingine zipo. Ni kinyume cha akili kumrudishia mtu akili zake kisha kukataa kusema naye kama mtu mwenye akili. Sheria ya afya ya akili ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2022, inaitambua haki ya mgonjwa ya kuelezwa na kuridhia. Sheria ilichofanya ni kuandika lile ambalo dhamiri ilikuwa ikilijua.

Historia inaonyesha jinsi amana hii inavyoweza kusahauliwa. Katika miaka ya 1960 ilipatikana sindano ya flufenazini ambayo nguvu yake hudumu kwa majuma. Iliwafaa wengi waliosahau vidonge, na wapo waipendao kwa sababu huwapunguzia kumbukumbu ya kila siku ya maradhi yao. Lakini yule aliyekuwa akikificha kidonge chini ya ulimi alikuwa akisema neno. Sindano ilimnyamazisha, na wengi hawakukumbuka kumuuliza neno hilo lilikuwa nini. Na kule Münsterlingen, uchunguzi wa wanahistoria uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa miongo kadhaa dawa nyingi zilijaribiwa kwa wagonjwa, na wengi wao hawakuelezwa wala kuombwa ridhaa. Faida iliyopatikana kwa ulimwengu ni ya kweli. Deni kwa wale waliotumiwa ni la kweli pia, wala faida haikulifuta.

Lakini ipo historia nyingine yenye mafunzo bora. Dawa iitwayo klozapini iliwapa nafuu watu ambao dawa nyingine ziliwashinda, tena pasipo kuwatetemesha kama hizo. Mwaka 1975 nchini Finland ilionekana kwamba iliwapunguzia baadhi ya watu chembe nyeupe za damu, na baadhi yao wakafa kwa maambukizo. Nchi nyingi ziliiondoa au kuibana. Ingalifichwa hatari hiyo, wengi wangalikufa. Ingalizikwa dawa moja kwa moja, wengi wangalikosa tumaini lao la mwisho. Njia ya tatu ilipatikana: utafiti wa mwaka 1988 ulipothibitisha nguvu yake, Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa sharti la kupima damu mara kwa mara. Bei ilitajwa waziwazi, na kwa sababu ilitajwa ikaweza kulindwa. Hatari iliyotangazwa hupatiwa walinzi. Hatari iliyoitwa ndogo hulala na mgonjwa peke yake.

Hapa pia yafaa wakumbushwe wale walio upande wa pili. Yupo jamaa, yupo mhubiri, yupo rafiki mwenye elimu, amwambiaye mgonjwa kwamba dawa hizi ni sumu, azitupe, ajikaze. Huyo naye amepima mzigo asiouchukua. Tabibu asemaye kwamba madhara ni madogo na rafiki asemaye kwamba maradhi ni madogo wamefanya kosa moja: kila mmoja amekiita kidogo kile kisichomlaza macho. Asubuhi yule aliyetupa dawa anaposikia sauti zimerudi, mshauri wake huwa yuko nyumbani kwake, amelala salama.

Itaulizwa kama tabibu mwenye wagonjwa mia mlangoni ana nafasi ya mazungumzo marefu. Hana. Lakini ukweli hauhitaji kila mara maneno mengi. Yatosha kusema: dawa hii itakusaidia hivi, huenda ikakudhuru hivi, likitokea hili njoo upesi, usiiache peke yako, njoo tuiache pamoja, nami nitakuuliza kila ujapo. Maneno hayo hayachukui muda kuliko kuandika cheti. Yana faida nyingine kubwa: mtu aliyeambiwa kwamba mkono wake waweza kutetemeka, utetemekapo hurudi hospitali, mtu ambaye hakuambiwa, utetemekapo hudhani amelogwa au amedanganywa, na hatarudi. Uficho unaofanywa ili mgonjwa asiache dawa mara nyingi ndio umfanyao aiache, tena kwa siri, ambako hapana wa kumsaidia. Kwa hiyo kweli haipingani na tiba. Kweli ni sehemu ya tiba, nayo ni sehemu isiyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Pengine basi lugha ingelipaswa kuitengeneza mizani yake. Neno maudhi laweza kubaki, kwa kuwa ni la kweli. Kinachostahili kuondolewa ni ule udogo uliotangulizwa na mtu mwingine kabla ya mwenyewe kusema. Baina ya utulivu na bei yake, wapo watakaosema bei ni nafuu, nao watalipa kwa shukrani. Wapo watakaosema ni kubwa lakini italipwa, kwa sababu maradhi ni makubwa zaidi. Na wapo watakaoomba kipimo kipunguzwe, au dawa ibadilishwe, au njia nyingine itafutwe. Majibu yote matatu yaweza kuwa ya haki. Lisiloweza kuwa la haki ni jibu lililotolewa na mwenye kuuza kwa niaba ya mwenye kulipa. Akili ya mwanadamu ikitibiwa pasipo kushirikishwa, limetibiwa nusu. Na nusu iliyosalia ndiyo iliyokuwa ikimfanya awe mtu.